Maswali ya Wasomaji: Kuunda Kompyuta ya Gemu na Kurenda Video

Mwezi huu tunajibu barua tano kuhusu kuchagua vipuri vya kompyuta ya mezani, hasa ile ambayo mchana inahariri na kurenda video (kukokotoa picha za mwisho) na usiku inacheza gemu. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kosa ambalo hula pesa za watu.

Swali: Ndugu mafundi, mimi napiga video za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi kwa kamera mbili za Sony. Zinarekodi 4K ya H.265, 4:2:2, biti 10. Nahariri kwa Premiere Pro, vichwa vya maandishi natengeneza kwa Blender, programu ya picha za 3D, na usiku nacheza gemu na wadogo zangu. Laptopu yangu inakwama hata nikisogeza video mbele kidogo tu. Muuzaji mmoja ananiambia ninunue prosesa kubwa kuliko zote, mwingine anasema pesa zote niziweke kwenye kadi ya grafiki. Nimsikilize nani? — Msomaji wa Ntinda, Kampala

Jibu: Kabla ya kumsikiliza yeyote, tazama tena ulichoandika kuhusu kamera zako, maana jibu liko humo. H.265 ni video iliyobanwa sana, 4:2:2 ni namna ya kuhifadhi rangi nyingi kuliko kawaida, na kompyuta lazima ikunjue kila fremu kabla ya kukuonyesha. Kazi hiyo hufanywa haraka ikiwa ndani ya chipu kuna sakiti maalumu ya kukunjua aina hiyo hiyo ya video. Kadi za grafiki za Nvidia RTX za mfululizo wa 30 na wa 40 hazina sakiti ya kukunjua 4:2:2. Ukiwa nazo, mzigo wote unarudi kwa prosesa, na mtu anaweza kununua RTX 4070 ya bei kali halafu video ikaendelea kukwama vilevile. Miongoni mwa wanaoweza kazi hii ni hawa wawili: prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, na kadi za RTX za mfululizo wa 50.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni Intel, kwa mfano Core i5-14600K. Soma herufi za mwisho kwa makini: ikiandikwa KF au F, grafiki ya ndani imezimwa, na ile sakiti unayoihitaji imezimwa nayo. Tena prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na kasoro ya kujipandishia volti mpaka zikaanza kuharibika polepole. Intel ilitoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti 2024, kisha 0x12B. Marekebisho hayo huingia kupitia BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) ya madabodi, ubao unaobeba vipuri vyote, kwa hiyo BIOS isasishwe siku ya kwanza, kabla hujarenda chochote. Prosesa ya mtumba ambayo imeshaathirika haiponi kwa kusasisha, hiyo usiiguse.

Njia ya pili, na ndiyo tunayokushauri, ni AMD Ryzen 7 9700X pamoja na RTX 5060 Ti ya GB 16. Kadi itakunjua video za kamera zako, mradi Premiere yako iwe toleo la 25.2 au la baadaye. Prosesa ina viini 8 na nyuzi 16, inatosha gemu na uhariri, na inakaa kwenye soketi ya AM5 ambayo AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi. Maana yake baada ya miaka michache unabadilisha prosesa peke yake, madabodi na RAM zinabaki.

Hapo kwenye kadi fungua macho. RTX 5060 Ti zipo mbili zenye jina moja, ya GB 8 na ya GB 16, na maboksi yanafanana. Kwa Blender tofauti yake si ndogo. Tukio lako likizidi kumbukumbu ya kadi, data inayobaki humwagikia kwenye RAM ya kawaida na kurenda kunakuwa kwa kobe, au programu inakataa kabisa na kuandika kwamba kumbukumbu imekwisha. Usikubali kuambiwa "ni ile ile tu". Namba iwe kwenye boksi, iwe kwenye risiti, na uione kwenye skrini kabla ya kulipa.

RAM chukua DDR5 ya GB 32, vijiti viwili vya GB 16 vilivyofungwa pamoja kiwandani, kasi ya 6000 na CL30 (kipimo cha ucheleweshaji, namba ndogo ni bora). Ukijua kabisa kwamba kazi zako zinaelekea GB 64, nunua viwili vya GB 32 tangu mwanzo. Sababu utaikuta kwenye jibu la msomaji wa Mbarara hapo chini.

Diski tuipigie hesabu, maana hapa wengi hujidanganya. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45. Kwanjula ya saa sita kwa kamera mbili ni GB 540. Diski ya TB 1 haitamaliza sherehe mbili. Weka NVMe, yaani diski ya SSD ya kasi, ya TB 1 kwa Windows, programu na gemu, na NVMe nyingine ya TB 2 kwa kazi unazohariri sasa. Kazi ikishalipwa, ihamishie kwenye hadi-diski ya kawaida ya TB 4 au zaidi, na nakala ya pili ikae nje ya kompyuta hiyo. Kwa diski ya kazi tafuta iliyoandikwa TLC, ambayo ni aina ya chipu za kuhifadhia. Zile za QLC huanza kwa mbio, lakini ukimimina mamia ya GB kwa mkupuo mmoja zinaishiwa pumzi, na kasi inaweza kushuka chini ya hadi-diski ya zamani. Kabla ya kununua madabodi, fungua kitabu chake kwenye tovuti ya mtengenezaji: kuna zinazozima baadhi ya milango ya SATA (ya hadi-diski) pale unapojaza nafasi ya pili ya M.2 (ya NVMe).

Madabodi yenyewe iwe ya B650 au B850. Huhitaji zile za taa na mapambo. Hakikisha BIOS yake inaitambua 9700X, kwa sababu B650 za mwanzo zilitoka kabla ya prosesa hizo. Nzuri ni ile yenye kitufe cha BIOS Flashback nyuma: unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unachomeka umeme wa madabodi tu, unabonyeza kitufe, na BIOS inasasishwa hata prosesa isipokuwepo.

Sasa tufike kwenye kipuri ambacho wauzaji hukipachika mwishoni kama nyongeza ya bure, yaani pawa saplai. Hesabu ya kompyuta yako ni hii: prosesa ikikaza inafika wati 88, kadi wati 180, na vilivyobaki tuseme 60. Jumla kama 330. Nunua ya wati 650, yenye cheti cha ufanisi cha 80 Plus Gold ukiweza, Bronze ya kampuni inayoaminika ukikosa. Nafasi hiyo ya ziada ni ya lazima, kwa sababu kadi za siku hizi hudai umeme kwa miruko ya ghafla inayopita wastani wake.

Lakini wati zilizochapishwa kwenye boksi si ushahidi. Geuza pawa saplai usome kibandiko, safu ya +12V. Hiyo ndiyo inayolisha prosesa na kadi. Ya kweli ya wati 650 itaandika karibu ampea 54 hapo. Zidisha kwa 12, unapata 648. Zile za bei ya kutupa zinazojiita "500W" utakuta +12V ina ampea 16 hivi, yaani wati 192, na zilizobaki ni maneno. Ishara nyingine ni uzito: ipime mkononi ukilinganisha na ya kampuni inayojulikana, utaona nyepesi ilivyo tupu ndani. Tazama pia mgongoni kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Pawa saplai za kisasa zenye PFC hai (sakiti ya kusawazisha mvuto wa umeme) hujirekebisha zenyewe, hazina swichi hiyo. Na kama unayo ya swichi na mtoto akaisogeza kwenye 115, ukichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240 utasikia mlio, kisha moshi. Pawa saplai mbovu ikifa haifi peke yake. Huondoka na madabodi, na siku mbaya huondoka na diski yenye harusi ya watu.

Kasha liwe na uso wa wavu mbele, si kioo kitupu. Feni mbili za kuingiza hewa mbele zenye chujio, moja ya kutolea nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi jekundu la barabara zetu halipati nafasi ya kunyonywa kupitia kila mwanya, linaishia kwenye chujio. Lisafishe kila mwezi. Ukipuliza feni kwa mashine ya hewa, ishike kwa kidole isizunguke, kwani ukiiacha ikimbie kupita kasi yake unaharibu beringi.

Swali: Salamu kutoka Gulu. Nimepata Dell OptiPlex ya mtumba, kasha jembamba, Core i5 ya kizazi cha 8, bei nzuri. Jamaa wa dukani anasema nitaongeza kadi kubwa ya gemu baadaye, akanionyesha waya wa kugeuza plagi ya SATA iwe ya pini 8. Nichukue? — Mwanafunzi, Gulu

Jibu: Mashine chukua, waya mwachie. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikibeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Plagi ya pini 8 ya kadi imeruhusiwa kuvuta wati 150. Ukiunganisha hivyo, plastiki ya SATA inayeyuka ikiwa ndani ya kasha lililofungwa, na moto umeanza namna hiyo mara nyingi.

OptiPlex za kasha jembamba zina mipaka mitatu: kadi lazima iwe fupi kwa kimo, pawa saplai yake ni ndogo, na plagi zake ni za Dell wenyewe, kwa hiyo huwezi kuipachika pawa saplai ya kawaida ukategemea itaingia. Nafasi ya kadi inatoa wati 75 mwisho. Kadi inayofaa hapo ni RTX 3050 ya GB 6 ya kimo kifupi, inayotumia wati 70 bila waya wowote, au GTX 1650 ya kimo kifupi ukipata nzuri. RX 6400 nayo huingia, lakini haina sakiti ya kubana video, na inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na madabodi), hivyo kwenye mashine ya umri huo inapoteza kasi. Kwa mtu anayetaka kutoa video haifai.

Ikiwa nia yako ni kadi kubwa baadaye, tafuta mnara wa kawaida wenye pawa saplai ya ATX, hata kama prosesa yake ni ya zamani kidogo kuliko hiyo.

Swali: Nilikuwa na RAM ya DDR5 vijiti viwili vya GB 16 kwenye Ryzen 7600, nikaongeza vingine viwili vya aina ile ile. Siku ya kwanza skrini ilibaki nyeusi, nikadhani nimeiua. Sasa inawaka, lakini gemu zinajifunga zenyewe na Windows inaonyesha kasi ndogo kuliko zamani. — Msomaji wa Mbarara

Jibu: Skrini nyeusi haikuwa kifo. Madabodi za AM5 zikikuta RAM mpya huipima kwanza, na kwa vijiti vinne zinaweza kuchukua dakika kadhaa, hata kumi na zaidi. Wengi huzima katikati, kisha hurudia kuzima, wakidhani imegoma. Iache ifanye kazi yake.

Kujifunga kwa gemu ni jambo jingine. Ryzen 7000 ikiwa na vijiti vinne vya DDR5, kasi ambayo AMD yenyewe inaiahidi ni 3600 tu. Ukiwasha EXPO (mpangilio wa kasi ya RAM kwenye BIOS) ya 6000 kwa vijiti vinne unaiomba kompyuta isichoahidiwa, na dalili ndizo hizo. Ingia BIOS, zima EXPO, jaribu kutwa nzima. Ikitulia, panda polepole: 4800, kisha 5200, kila hatua ukiendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mpaka imalize mizunguko yake bila kosa hata moja. Kama kazi yako haizidi GB 32, ondoa vijiti viwili uviuze na urudi 6000, gemu zitakushukuru. Viwili vinavyobaki vikae kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Tena EXPO iwashwe kwa mkono, kwa sababu bila hivyo RAM ya 6000 inatembea kwa 4800 na mwenyewe hujui.

Swali: Umeme ukikatika, UPS yangu (betri ya dharura) ya 650VA inalia na kompyuta inazimika papo hapo, hasa nikiwa narenda. Ikiwa imetulia tu, mara nyingine inashika. Nimebadilisha betri, wapi. Halafu nikigusa kasha la kompyuta nasikia kama chungu wananiuma. — Mama wa studio ndogo, Jinja

Jibu: Mama, tuanze na hao chungu, maana ndio wa hatari zaidi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, na zimeunganishwa na kasha ili zimwage uchafu huo ardhini kupitia pini ndefu ya plagi. Ardhi isipokuwepo, kasha linabaki likielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndiyo maana unasikia kuumwa tu, lakini unakuambia kwamba siku hitilafu kubwa ikitokea, umeme hautakuwa na njia nyingine isipokuwa mwili wako. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime waya wa ardhi wa soketi hiyo, na ikibidi azike fimbo mpya ya shaba. Mpaka hapo usitumie adapta inayoruka pini ya ardhi.

Kuhusu UPS, 650VA si wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hadi 390. Kompyuta ikirenda pamoja na skrini inapita hapo, ikitulia inashuka chini yake. Ndiyo sababu mara inashika na mara haishiki. Jambo la pili ni umbo la umeme. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa mawimbi ya ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai huyakataa na kujizima. Kuthibitisha, chomeka balbu na skrini peke yake ukate umeme wa ukutani, kisha kompyuta iliyotulia, kisha kompyuta inayorenda, ukiwa umeshahifadhi kazi zote. Hatua inayoanguka itakuonyesha ugonjwa uko wapi.

Dawa ni UPS ya 1500VA hivi, yenye wati 900, iliyoandikwa pure sine wave (mawimbi laini), na yenye AVR ya kusawazisha volti. Printa ya leza usiichomeke humo. Ikipasha moto inavuta umeme kwa mkupuo. Kwenye BIOS tafuta kipengele cha kurudi kwa umeme, weka kompyuta ibaki imezimwa, kwa sababu umeme unaporudi mara nyingi huja ukiyumba. Subiri dakika tatu ndipo uwashe. Na kwa hesabu ya Yaka, umeme wa kulipia kabla: kompyuta inayokula wati 400 kwa saa sita kila siku inamaliza yuniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi wa siku 30. Hizo ziingize kwenye bei unayomtajia mteja.

Swali: Ninanunua kadi ya mtumba, RX 580 au GTX 1050 Ti. Nitajuaje si feki? Na nipozee prosesa kwa maji au kwa feni? — Kijana wa Arua

Jibu: La maji ni fupi: feni. Kipoza hewa cha mnara kikiharibika ni feni yake tu, unaipata popote. Pampu ya maji ikifa, prosesa inabaki bila msaada na kipuri unakisubiri kutoka mbali.

Kadi kwanza itazame kwa macho. Mfululizo wa GTX 10 haukutengenezewa njia ya analogi, kwa hiyo ukiona GTX 1050 Ti yenye mlango wa bluu wa VGA, karibu hakika ni chipu ya zamani kama GTX 550 Ti iliyoandikwa BIOS ya uongo. Kwa RX 580 uliza ni ya "2048SP"? Hiyo jina ni 580 lakini nguvu ni za RX 570; RX 580 kamili ina vitengo 2304 vya kukokotoa. Si feki, ila usilipie bei ya 580.

Kisha nenda dukani na flashi yenye programu mbili, GPU-Z ya kusoma kadi na FurMark ya kuikaza. GPU-Z huandika neno FAKE mbele ya jina ikigundua chipu haifanani na BIOS. Soma pia idadi ya vitengo na ukubwa wa kumbukumbu. Endesha FurMark dakika 15 mbele ya muuzaji. Tazama joto, sikiliza kama feni zote zinazunguka bila kukwaruza, na angalia skrini kama kuna vidoti au mistari ya rangi inayotokea na kupotea. Hiyo ni kumbukumbu inayokufa, na hakuna dereva wa kuiponya. Ikipita hapo, fungua gemu moja nzito dakika kumi nyingine, kwa sababu FurMark inaikaza chipu zaidi kuliko inavyojaza kumbukumbu, na kadi iliyochoka kwa uchimbaji wa sarafu mara nyingi husalimu amri pale kumbukumbu inapojaa. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi yenyewe wakati wote huo, si kwenye madabodi, la sivyo utakuwa umepima grafiki ya prosesa ya muuzaji.